Marashi ya Limau Ndani ya Deraya

Jumatatu, 12 Mei

Daftari jipya. La zamani nimelichana kwa sababu mdogo wangu Pelin alilisoma. Pelin hana adabu tangu achumbiwe.

Mambo yalivyo. Ijumaa ni siku ya jaribio. Tume ya jeshi inakuja kiwandani kulitazama gari letu la deraya, lile la magurudumu manane. Dereva wake hana dirisha. Milango ikifungwa, anaona nje kwa kamera nane na skrini tu. Sasa picha zisafiri vipi kutoka kwenye kamera hadi kwenye skrini? Hapo ndipo penye ugomvi. Mimi nasema zisafiri kwa faiba, nyuzi za kioo nyembamba kama unywele, zinazobeba mwanga. Oktay, mkuu wa nyaya, anasema zisafiri kwa shaba, kama zilivyosafiri tangu enzi za babu yake. Bosi wetu Bwana Vedat, ambaye hajawahi kukata shauri hata kati ya chai na kahawa, ameamuru mifumo yote miwili ifungwe ndani ya gari moja. Tume itachagua.

Wakichagua shaba, kitengo cha faiba kinafungwa. Kitengo cha faiba ni mimi, kiti changu, na darubini ndogo ya kukagulia ncha za nyuzi. Bwana Vedat amenieleza kwa upole kwamba nitahamishiwa kwenye kuandika vitabu vya maelekezo. Miaka mitatu nimepigania kioo, halafu niishie kuandika "bonyeza kitufe chekundu". Heri nife.

Kwenye chai ya saa nne Oktay alisema mbele ya karakana nzima kwamba kioo kimeumbwa kwa ajili ya madirisha na bilauri za chai. Watu wakacheka. Akauliza kama nina la kujibu. Nikasema shaba imeumbwa kwa ajili ya masufuria. Watu wakacheka zaidi. Yeye ndiye aliyecheka kuliko wote, kisha akanisogezea bakuli la sukari. Ana dharau sana mtu yule.

Nyumbani, mama bado anasimulia siku posa ya Pelin ilipokuja. Hii ni mara ya arobaini. Kijana alikuja na mama yake, na maua, na boksi la chokoleti. Pelin akapika kahawa, na kama wafanyavyo wachumba wote akamtilia kijana chumvi badala ya sukari. Kijana akainywa mpaka tone la mwisho bila kukunja uso. Wazee wakapiga makofi: huyu anamtaka kweli. Mimi sikupiga makofi. Mwanamume anayekunywa chumvi bila kulalamika ana ugonjwa wa ulimi, si mapenzi.

Jumanne, 13 Mei

Nimekagua ncha zote thelathini na mbili kwa darubini. Chafu. Karakana ina vumbi la chuma, na Fundi Rıfkı anazipuliza ncha kwa mdomo kama anayepoza supu. Nimemweleza kwamba punje moja ya vumbi kwenye ncha ya kioo ni kama jiwe katikati ya barabara: mwanga haupiti. Fundi Rıfkı ni rika la baba yangu na alikuwa akifunga nyaya kwenye magari ya deraya kabla sijazaliwa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Lakini mwanangu," akasema, "mimi kabla ya kupuliza huanza na bismillahi."

Ncha husafishwa kwa spiriti safi. Spiriti safi iko stoo. Stoo inataka saini mbili: ya Bwana Vedat na ya mkuu wa nyaya.

Siendi kumwomba Oktay saini. Akijua ncha zangu ni chafu, ameujua udhaifu wangu. Siendi. Nimeliandika mara mbili ili nilione linavyopendeza.

Saa tisa nilirudi mezani nikakuta chupa. Spiriti safi, lita nzima, muhuri haujaguswa. Na kikaratasi: "Bi Selcen, nimeona umeishiwa. Nimeshasaini, na Bwana Vedat pia. Oktay."

Nilikaa nikafikiri dakika ishirini. Adui anampaje adui silaha? Jibu ni moja tu. Ndani mna kitu. Maji, au tone la mafuta. Ncha zangu ziharibike, naye aseme masikini, mimi nilijaribu kumsaidia. Muhuri? Muhuri hubandikwa upya. Kikulacho ki nguoni mwako, na changu kina mwandiko mzuri.

Nikampelekea chupa Bi Makbule wa jiko la chai, afutie madirisha. Alishukuru mno. Akaniambia, bila kuulizwa, kwamba Oktay huja jikoni kila siku kuuliza kama nimekwishakunywa chai. Nimeliandika hilo pembeni. Anafuatilia nyendo zangu.

Jumatano, 14 Mei

Leo nimeshambulia.

Udhaifu wa shaba ni redio. Redio ya gari ikisema kwa nguvu zote, nyaya za shaba huisikia na picha huchafuka. Kioo hakisikii kitu. Oktay alikuwa na jaribio lake dogo saa tano mbele ya Bwana Vedat. Nikamwendea Fundi Rıfkı, ambaye ndiye dereva na ndiye mwenye redio, nikamwambia ingependeza afya ya redio ipimwe saa tano na dakika tano. Nguvu zote.

Akauliza kama hii ni kazi au ni fitina. Nikasema ni sayansi. Akasema kwa ajili ya sayansi atafanya, ila sayansi imletee kesho mikate miwili ya ufuta, ya moto, na isiwe ya duka la kona.

Saa tano na dakika tano akaanza kuwataja redioni wachezaji wa timu yake, akianzia golikipa. Skrini ya Oktay ikajaa mistari kama pundamilia. Mimi nilikuwa nyuma ya nguzo. Nikangoja ahamaki.

Oktay akaitazama mistari. Akaitazama nguzo. Akaja moja kwa moja mpaka nilipo, akanishukuru. Alisema afadhali imeonekana leo kuliko Ijumaa. Akamwambia Bwana Vedat kwamba Bi Selcen ana jicho ambalo karakana nzima haina. Halafu akashinda mchana kutwa akizivika nyaya zake wavu wa chuma, huku akipiga mluzi. Redioni Fundi Rıfkı alikuwa amefika kwa wachezaji wa akiba. Hakuna aliyekumbuka kumzima.

Nimemsaidia adui kujenga ukuta. Jioni nikawasimulia nyumbani. Pelin akaniuliza huyo Oktay anafananaje. Nikamwambia anafanana na mtu anayepiga mluzi.

Alhamisi, 15 Mei

Ncha bado chafu. Stoo haitoi chupa ya pili mpaka uandike ya kwanza ilitumikaje, na siwezi kuandika "madirisha".

Wokovu ulikuja baada ya chakula cha mchana. Bi Makbule alipita kama kawaida na chupa yake ya marashi ya limau, akitumiminia viganjani. Nimenawa marashi haya tangu nizaliwe: kwa jirani, kwenye basi la mkoani, msibani, kwa kinyozi nilipompeleka baba. Leo ndiyo mara ya kwanza nimesoma maandishi ya chupa. Spiriti, asilimia themanini.

Spiriti ni spiriti. Nilipata alama za juu katika kemia. Asilimia ishirini zilizobaki ni maji na heshima.

Nikamwomba Bi Makbule chupa moja. Akauliza kama kuna wageni. Nikasema wapo, thelathini na wawili. Akanipa mbili, akaniambia nisiwe bahili, mgeni hunawishwa mpaka kwenye vifundo vya mikono.

Mpaka saa kumi na moja nilikuwa nimezifuta ncha zote. Nikapima zikiwa bado mbichi. Mwanga haupotei kabisa. Nikapima tena. Vizuri kuliko kitabu kinavyoruhusu. Mtu mwingine angejiuliza imekuwaje. Mimi nilijua: ni kipaji. Nikazifunga ncha zote kwenye viungio vyake, nikapangusa mikono.

Fundi Rıfkı alichungulia ndani ya gari, akanusa, akasema linanukia kama shangazi yake asubuhi ya sikukuu. Nikamwambia ni siri ya kitaalamu. Akasema shangazi yake naye alikuwa na siri nyingi.

Nimeandika hotuba fupi kwa ajili ya kesho. Inaanza hivi: "Kioo hakisikii makelele ya dunia." Nimeisoma mbele ya kioo cha kabati. Ni kana kwamba najielezea mwenyewe.

Ijumaa, 16 Mei

Naandika nikiwa nimejifungia bafuni. Mama amegonga mara mbili. Kuna mengi.

Tume ilifika saa nne. Mkuu wake ni Kanali Münir, mzee mrefu mwenye masharubu meupe na sauti ya mtu aliyezoea uwanja. Bi Makbule akawamiminia marashi viganjani, akawapa chai ndani ya hema. Kanali akapanda garini kukagua. Akasimama ghafla. Akanusa kiganja chake, akanusa gari, akanusa kiganja tena. Akauliza ni nani ameliogesha. Bwana Vedat akanitazama. Mimi nikatazama juu.

Fundi Rıfkı akakaa kwenye usukani. Mimi, Oktay na Kanali tukakaa nyuma mbele ya skrini. Milango ikafungwa. Bi Makbule akamwaga ndoo ya maji nyuma yetu, ili gari liende kama maji na lirudi kama maji. Likaenda.

Mzunguko wa kwanza ulikuwa wa kioo. Dakika nne picha ilikuwa safi hata nikaona nzi juu ya kofia ya mlinzi. Gari likaingia kwenye mashimo, tukarushwa, vumbi likapanda. Nikaona ndio wakati wa hotuba. "Kioo, Kanali," nikasema, na kamera ya kushoto ikazimika. "Hakisikii," nikasema, na ya kulia ikazimika. Nilipofika kwenye "dunia" tulikuwa gizani kabisa. Kutoka mbele Fundi Rıfkı akapaza sauti kwamba haoni kitu, na kwamba anaomba kujulishwa kama yuko njiani au yuko hemani.

Oktay akageuza swichi. Picha za shaba zikawaka, na breki zikalia papo hapo. Hema lilikuwa hatua tatu mbele yetu. Bi Makbule alikuwa amesimama mlangoni mwake na sinia, hajasogea hata unyayo, akiyatazama magurudumu manane kama mtu anayemtazama mbuzi aliyeingia jikoni.

Kanali akatoa kalamu. Niliiona ikielekea kwenye kisanduku cha shaba katika fomu yake. Miaka mitatu yangu yote ilikuwa kwenye ncha ya kalamu ile.

Hapo Oktay akafanya jambo ambalo bado sijalielewa. Akamwomba Kanali asiandike kwanza. Akafungua kiungio kimoja, akakinusa. Akakinusa tena.

"Bi Selcen," akaninong'oneza, "hii ni limau?"

Nikasema ni asilimia themanini.

Akafumba macho. Mabega yakamtikisika kidogo. Kisha akamgeukia Kanali akasema kioo hakina kosa, kosa liko kwenye ncha. Marashi yana mafuta ya limau. Spiriti inakauka, mafuta yanabaki, vumbi linanasa. Ndiyo maana mwanzoni, yakiwa bado mabichi, yanaonekana yanafaa. Akaomba saa moja. Kanali akamuuliza, wewe si ndiye mtu wa shaba? Akajibu kwamba ndiye, ila hataki kwenda kuwaambia watu alishinda kwa msaada wa limau.

Kanali akatazama saa yake. Akatazama sinia la Bi Makbule, lenye maandazi ya jibini. Akatoa saa moja.

Basi, spiriti. Oktay akaniuliza ile chupa aliyoniwekea mezani iko wapi. Nilitamani gari la deraya linikanyage. Bi Makbule, ambaye masikio yake yanasikia mpaka ng'ambo ya ukuta, akaja nayo, imebaki nusu.

"Hii hapa, mwanangu. Dawa ya vioo sijaona mfano wake."

Oktay akayatazama madirisha ya jiko la chai. Yalikuwa yanang'aa kuliko kitu chochote kiwandani. Akasema ni kweli, kwa vioo inafaa. Ndivyo alivyo mkatili.

Tulisafisha pamoja ncha zote, yeye akifuta, mimi nikikagua kwa darubini. Mikono yake haitetemeki hata kidogo. Naandika hili kama taarifa ya kiufundi. Mara moja aliniuliza ni kwa nini sikuitumia chupa yake. Nikasema ilikuwa na muhuri mzuri mno. Akasema ahaa, kama mtu aliyeelewa.

Mzunguko wa pili. Picha zote nane, kioo upande mmoja, shaba upande mwingine. Kanali akaomba kipaza sauti cha redio. Ni mtu anayependa redio kama mtoto anavyopenda filimbi. Kwa nguvu zote akawasalimu waliokuwa hemani mmoja mmoja kwa jina, akawauliza hali, akaagiza asiachiwe mtu mwingine maandazi yaliyobaki. Skrini ya shaba ikachora mistari, pamoja na wavu wake wa chuma. Ya kioo haikupepesa. Kanali akaangalia moja, akaangalia nyingine, akaandika. Niliona kwa macho yangu: kioo. Magari yote arobaini.

Kitengo cha faiba kinaishi. Nikaanza kushuka garini. Oktay akanishika kiwiko nisianguke. Nikamwambia naweza kushuka mwenyewe. Nikaanguka.

Jumamosi, 17 Mei

Nimefikiri asubuhi nzima na nimelipata jibu.

Jana, kabla hatujaondoka, Bwana Vedat alitangaza kwamba kitengo cha faiba sasa kitakuwa na watu wawili. Mimi mkuu. Chini yangu, Oktay. Ameomba mwenyewe. Nani huomba mwenyewe kuwa chini ya mtu? Ni yule anayekitamani kiti kilicho juu. Sasa yote yananyooka: chupa, shukrani, ile saa moja. Aliona mapema kwamba kioo kitashinda, akahamia kwa washindi. Ametega kwa subira mno. Ningekuwa mtu wa kushangilia akili za adui, ningeshangilia.

Saa sita akapiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka, kama mtu aliyekula unga mkavu. Akauliza kama kesho saa kumi tutakuwa nyumbani. Angependa kuja, na mama yake.

Nikauliza ni mambo ya kitengo? Akasema ni mambo ya mbeleni. Nikamwambia basi aje na michoro ya viungio vipya. Akasema ataangalia kama mikono itatosha.

Nikamwambia mama kwamba mwenzangu wa kazini anakuja kesho na mama yake. Mama akakaa. Akasimama. Akanibusu mashavu yote mawili, akapanda kwenye kiti akaanza kushusha mapazia ayafue. Baba akauliza kijana ni wa ukoo gani. Nikamwambia ni wa shaba. Pelin anacheka tangu saa sita na hataki kusema anacheka nini.

Jumapili, 18 Mei

Saa kumi kasoro dakika tano. Mapazia yamepigwa pasi. Mama amenilazimisha gauni la bluu kwa kikao cha kazi. Baba amenyoa ndevu mara mbili na sasa ana plasta kidevuni.

Pelin yuko dirishani, anatangaza kama Fundi Rıfkı redioni. Gari limesimama. Kijana ameshuka, amevaa suti. Mama yake ameshuka. Kijana ana maua. Kijana ana boksi la chokoleti, lenye utepe.

Michoro hana.

Nimeelewa kila kitu. Ni hongo. Anataka kuwapata wazazi wangu kwanza, ili waje waniambie nimwachie kitengo. Maua kwa mama. Chokoleti kwa baba, ambaye daktari amemkataza sukari. Hana hata huruma.

Lakini wiki hii haikupita bure. Nimejifunza mambo mawili. Limau halifai, mara nyingine nitatumia marashi ya waridi. Na adui akikufuata mpaka nyumbani, mmalizie jikoni. Mama ameagiza kahawa niipike mimi mwenyewe, kwa mikono yangu. Pelin naye amenisogezea kopo la chumvi bila kuombwa, macho yamemjaa machozi. Angalau mtu mmoja katika nyumba hii yuko upande wangu.

Nimemtilia vijiko vitatu. Atatema mbele ya mama yake, mbele ya baba, na kila mtu ataona ni mtu wa namna gani.

Kengele inalia. Vijiko vitatu vilivyojaa. Hakuna binadamu atakayeimaliza kahawa hii.